Viunzi vitatu vya nadharia, tasnifu moja: nishike kipi?

SWALI

Shikamooni walimu.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya umahiri katika isimu, mwaka wa kwanza. Lugha yangu ni Kibena, lugha ya Kibantu ya Njombe, Tanzania, na nataka kuandika tasnifu juu ya unyambulishaji wa vitenzi vyake, hasa pale vinyambulishi (viambishi kama -ish- na -an- vinavyoongezwa kwenye mzizi) viwili au vitatu vinapofuatana katika kitenzi kimoja. Pendekezo langu la utafiti lina sehemu ya kiunzi cha nadharia yenye nadharia tatu. Programu Finyizi (Minimalist Program) ya Chomsky nimeiweka kwa sababu ndiyo anayoifundisha msimamizi wangu. Kanuni ya Kioo, inayohusu mpangilio wa viambishi, nimeikuta katika tasnifu nyingi za maktabani. Umboupeo (Optimality Theory) niliongeza baada ya mwenzangu kuniambia pendekezo lenye nadharia moja linaonekana jepesi. Kwenye semina niliulizwa kila nadharia inafanya kazi gani, nikakosa jibu.

Upande wa vifaa ni vurugu tupu. Kompyuta yangu ina programu za ELAN, FLEx, Praat na R (hii ya mwisho ni ya takwimu), na hakuna hata moja ninayoimudu. Rafiki anayesoma Ulaya anasema siku hizi bila R hakuna atakayekusoma. Mwingine anasema daftari na kalamu vinatosha. Kwenye mbinu za kukusanya data nimeandika hojaji, usaili na ushuhudiaji, kama wanavyoandika wote.

Nina wiki kumi kabla ya kutetea pendekezo, na fedha za kukaa Njombe kama mwezi mmoja hivi. Nianze wapi?

Mwenye viunzi vitatu

JIBU

Marahaba. Aliyekuuliza pale semina alikufanyia hisani, na swali lake ndilo tutakaloanza nalo.

Una nadharia tatu kwa sababu bado huna swali moja. "Unyambulishaji wa vitenzi vya Kibena" ni mada. Mtu anaweza kuiandikia maisha yake yote asimalize, na nadharia yoyote itaonekana inafaa. Chukua karatasi na kwa kila nadharia uliyoitaja andika umbo moja la kitenzi ambalo nadharia hiyo inasema halipaswi kupatikana katika Kibena, au halipaswi kuwa na maana fulani. Nadharia ambayo hukuiandikia chochote haina kazi katika tasnifu yako, hata kama ni ya Chomsky. Inakaa sura ya pili kama pambo, na ukifika sura ya nne utaisahau. Watahini wa nje wanaijua tabia hiyo vizuri sana. Wengi wao hufungua sura ya nne kwanza kuangalia kama nadharia ya sura ya pili imefika salama.

Ukifanya zoezi hilo utagundua kwamba nadharia zako tatu si za ngazi moja. Programu Finyizi ya 1995 ni mwongozo mpana wa namna ya kufikiri juu ya sarufi. Yenyewe peke yake haikwambii vinyambulishi vifuatane vipi. Kinachokwambia ni dhana mahususi ndani ya ukoo huo wa sarufi zalishi, na dhana iliyo karibu zaidi na swali lako ni hiyohiyo Kanuni ya Kioo, aliyoitoa Mark Baker mwaka 1985. Kwa hiyo wewe na msimamizi wako hamgombani. Unaweza kutumia Kanuni ya Kioo na bado ukawa ndani ya eneo lake. Umboupeo, waliouasisi Prince na Smolensky mwaka 1993, unafaa pale unapojua tayari kuwa kuna masharti mawili yanayogongana na unataka kuonyesha lipi linashinda. Huo ni uamuzi wa baada ya data. Kwa sasa uondoe.

Unachokosa ni mpinzani. Kanuni ya Kioo inasema mpangilio wa viambishi huakisi mpangilio wa shughuli za kisarufi: kinachotendeka kwanza katika maana hukaa karibu na mzizi. Mpinzani wake ni kiolezo, yaani mpangilio wa viambishi uliowekwa tayari. Larry Hyman alionyesha katika makala yake ya 2003 kwamba lugha nyingi za Kibantu zinaelekea kufuata mpangilio wa kurithi, kutendesha, kutendea, kutendana, kutendwa, bila kujali maana inataka nini. Mpangilio huo huitwa CARP, kwa herufi za mwanzo za majina ya Kiingereza ya kauli hizo nne. Sasa una nadharia mbili zinazotabiri mambo tofauti juu ya neno lilelile, na hapo ndipo utafiti unapoanza.

Tujaribu kwa Kiswahili, ambacho sote tunakisikia. Maharusi wakilishana keki, kila mmoja anamfanya mwenzake ale: kutendesha kwanza (lisha), kisha kutendana (lishana). Kioo kinakubali, kiolezo kinakubali. Mtu akiwagombanisha ndugu wawili, wao wanagombana na yeye ndiye anayesababisha: kutendana kwanza, kisha kutendesha. Kioo kinakubali, kiolezo kinakataa, maana kutendana hakupaswi kutangulia kutendesha. Ukiishia hapo utasema Kiswahili kimeshaamua. Ngoja kwanza. "Gombana" ni neno lililoganda. Hakuna anayeanza na "gomba" akaongeza -an- kila anapolitamka. Vivyo hivyo "patanisha", na vivyo hivyo "pigania uhuru", ambapo kutendana kumetangulia kutendea, ukilinganisha na "pigiana simu" inayofuata kiolezo. Mtetezi wa kiolezo atakujibu kwamba "pigana" ya kupigania imeshakuwa shina lenye maana yake, na kiolezo hakiangalii ndani ya shina. Hoja hiyo ni halali. Ili kuijibu unahitaji vitenzi ambavyo kutendana kwake hakujaganda, na hivyo havipatikani kwa kufikiria ukiwa umekaa bwenini.

Kichewa, lugha ya Malawi na majirani zake, kinakupa mfano wa jinsi jibu zuri linavyoonekana. Kitenzi "manga" maana yake ni funga. "Mangitsana", yenye kutendesha kisha kutendana, ina maana mbili: kusababishana kufunga, na pia kusababisha watu wafungane. "Manganitsa", yenye mpangilio wa kinyume, ina maana moja tu: kusababisha watu wafungane. Kwa maneno mengine, mpangilio wa kiolezo unaruhusiwa kubeba maana zote, na mpangilio unaovunja kiolezo unaruhusiwa tu pale kioo kinapoutetea. Nadharia zote mbili zinafanya kazi ndani ya lugha moja, ila hazina nguvu sawa. Sisi hatutakwambia Kibena kinafanyaje; hilo ndilo utakalotuambia wewe. Lakini swali lako sasa linaandikika kwa mstari mmoja: je, katika Kibena, umbo linalofuata kiolezo hubeba maana zote mbili, na umbo linalokivunja hubeba ile ya kioo peke yake?

Ungekuwa na swali jingine, ushauri ungekuwa mwingine. Tuseme unataka kujua, kitenzi kikiwa na yambwa mbili, ni ipi inayoweza kuchukua kiambishi cha yambwa au kuwa kiima cha kutendwa. Hapo tungekupeleka kwa nadharia nyingine, Sarufi Leksia-Amilifu (LFG), bila kusita, kwa sababu kazi ya Joan Bresnan na Lioba Moshi ya 1990 juu ya Kichaga cha Vunjo ilijenga istilahi za jambo hilo hasa, ikitenganisha lugha za yambwa linganifu, ambazo yambwa zote mbili zina haki sawa, na zisizo linganifu. Nadharia ilinyooshwa na data ya Kilimanjaro. Ukiingia na swali hilo unakuta meza imeshaandaliwa.

Mwenzako aliyesema nadharia moja ni nyepesi amekosea, na wapo walimu wanaokosea pamoja naye. Andika kiunzi kimoja na mpinzani wake mmoja, kila mmoja na utabiri wake. Kurasa sita zinatosha.

Tuje kwenye hojaji, usaili na ushuhudiaji. Utatu huo umetoka katika vitabu vya mbinu vya sayansi ya jamii na umeingia katika isimu kwa mazoea. Hojaji ya maandishi haikufai: Wabena wengi wanasoma na kuandika kwa Kiswahili, hawaandiki Kibena, kwa hiyo utapata maoni yao juu ya maandishi yako badala ya sarufi yao. Ushuhudiaji wa kukaa na kusikiliza ni mzuri, lakini kitenzi chenye vinyambulishi viwili hakiji mara kwa mara katika mazungumzo, na umbo lisilowezekana haliji kabisa. Ukimya wa kopasi (mkusanyo wa usemi uliorekodiwa) hauthibitishi kwamba umbo limekatazwa. Unachohitaji ni vitu viwili: vikao vya kudodosa vilivyopangwa, na saa chache za usemi wa kawaida kwa ajili ya kuvipima.

Vikao vya kudodosa vipange kwa hesabu. Chagua jozi tatu tu: kutendesha na kutendana, kutendea na kutendana, kutendesha na kutendea. Kutendwa kuache, katika lugha hizi kwa kawaida hukaa mwisho, na jozi isiyotenganisha nadharia zako inakula muda bure. Mizizi iwe 12, lakini andaa 16, kwa sababu baadhi itakataa maana fulani kwa sababu za kidunia tu (hakuna anayemfanya mwenzake anyeshe). Mizizi 12 mara jozi 3, mara mipangilio 2, mara maana 2, ni vipengele 144. Ongeza vitenzi 48 vya kuzugia, nusu vikiwa sahihi kabisa na nusu vibovu kabisa, ili msemaji asizoee kusema ndiyo na wewe uone kama bado yuko macho. Jumla ni 192. Zaidi ya 50 kwa kikao kimoja mtu anachoka na majibu yanaanza kufanana, kwa hiyo ni vikao vinne vya vipengele 48. Wasemaji wanane, wanawake wanne na wanaume wanne, nusu wazee na nusu vijana, wanakupa vikao 32. Vikao viwili kwa siku, siku 16 za kazi. Mwezi wako unatosha, na siku za mvua na misiba zimo.

Namna ya kuuliza ndiyo inayoharibu utafiti wa aina hii kuliko kitu kingine chochote. Ukisema "Kibena wanasemaje gombanisha?" umeshampa mtu mpangilio wa Kiswahili mkononi, na kwa kuwa wasemaji wako wote wanajua Kiswahili, wengi watautafsiri kipande kwa kipande. Badala yake eleza tukio, kwa Kibena ukiweza: "Baba amewakuta watoto wawili. Amemwambia kila mmoja amfunge mwenzake kamba. Baba amefanya nini?" Subiri aseme mwenyewe. Andika alichosema kwanza, kisha ndipo umpe umbo lako na umuulize kama linafaa kwa tukio hilohilo. Umbo moja lazima lijaribiwe na matukio yote mawili. Mtu akilikubali bila tukio, hujui amekubali maana ipi, na tofauti yako yote ya kioo na kiolezo imo katika maana. Kwa kutendana kuna pia vipande vifupi vya video vilivyotengenezwa mwaka 2004 katika Taasisi ya Max Planck ya Isimunafsia, Nijmegen, kwa ajili ya kudodosa kauli hiyo. Vinasaidia mtu mwenye haya kuzungumza, ingawa havikutengenezwa kwa ajili ya vinyambulishi viwili pamoja.

Majibu yawe matatu: ninasema hivyo, sisemi lakini nasikia wengine wakisema, hakuna Mbena anayesema hivyo. Mizani ya moja hadi saba, inayopendwa katika majaribio ya vyuo vya Ulaya na Marekani, haimfai mzee ambaye hajawahi kujaza fomu za namna hiyo. Atakupa saba zote kwa heshima. Heshima ni hatari ya kweli. Ukiwa mtoto wa mtu fulani pale kijijini, bibi hatakukatalia neno. Vitenzi vibovu vya kuzugia ndivyo vitakavyokuonyesha: anayekubali zaidi ya robo yake, majibu yake yaweke pembeni. Rudia pia vipengele 15 hivi siku ya mwisho bila kusema kuwa ni vya zamani, uone kama mtu anakubaliana na nafsi yake.

Kabla ya yote, chungulia kutendesha. Katika lugha nyingi za Kibantu kuna kutendesha kwa aina mbili, kirefu na kifupi. Kiswahili kina "pikisha" kwa kirefu, na mabaki ya kifupi katika laza, ponya, ogofya. Kile kifupi hubadili konsonanti inayokitangulia na hakikai mahali kirefu kinapokaa. Katika Kibemba cha Zambia, "leepa" ni kuwa refu, "leefya" ni kurefusha, na kurefushia ni "leefeshya": kutendesha kumehamia baada ya kutendea na kumeacha alama pande zote mbili. Ukivichanganya viwili hivyo katika jedwali moja utapata "ukiukaji wa kiolezo" ambao haupo, kwa kuwa kiolezo cha Hyman chenyewe kinampa yule mfupi nafasi yake, karibu na mwisho. Siku ya kwanza kabisa Njombe itumie kuorodhesha kutendesha kwa mizizi yote 16 na kuona ipi inachukua kipi.

Usemi wa kawaida rekodi saa tatu, si ishirini. Kunakili dakika moja ya sauti, kuitafsiri na kuihakiki na msemaji hula kati ya nusu saa na saa nzima kwa mtu anayeanza. Saa tatu ni dakika 180, yaani saa 90 hadi 180 za mezani. Wanafunzi wanarudi na saa thelathini za sauti, wanaishia kunakili mbili. Na hizo tatu usizichanganue zote mofimu kwa mofimu. Nakili na kutafsiri zote, kisha changanua vitenzi vyenye vinyambulishi viwili au zaidi tu. Kazi yake ni kukuonyesha ni mashina yapi yameganda: shina likijitokeza mara nyingi na -an- bila maana ya kutendana, litoe katika ile mizizi 12.

Rekodi kwa WAV, 48 kHz na biti 24. Kwa chaneli mbili saa moja ni kama GB 1, kwa chaneli moja ni nusu yake, kwa hiyo kadi ya GB 32 inatosha. Maikrofoni iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, na sauti ikipanda sana iguse -12 dB hivi. Epuka nyumba ya bati wakati wa mvua, na Njombe usisahau kizuia upepo. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unafaa kwa kuuliza swali dogo baada ya kurudi chuoni, lakini sauti yake imebanwa, haifai kupimwa wala kuhifadhiwa kama data ya msingi.

Sasa vifaa, ambavyo ndivyo vimekutisha bila sababu. Kila programu ina aina ya data inayoitumikia, na data yako tumeshaijua. ELAN, ya Nijmegen hukohuko, ni ya kuunganisha maandishi na sekunde za sauti. Jifunze hii, siku tatu zinatosha kwa mahitaji yako. Tengeneza mistari mitatu tu: usemi, tafsiri, maoni. FLEx ya shirika la SIL ni nzuri sana kwa anayetunga kamusi au kuchanganua matini nyingi, kwa sababu inakumbuka mofimu ulizokwisha kuzichanganua. Wewe hutungi kamusi. Isitoshe, kuhamisha matini kutoka ELAN kwenda FLEx na kuirudisha ni safari yenye mashimo: ukigawanya sentensi upya ukiwa ndani ya FLEx, muda wa sauti unapotea au unahama. Iache hadi uzamivu. Praat, ya Boersma na Weenink wa Amsterdam, ifungue pale tu utakaposhuku kwamba toni ndiyo inayotenganisha maana mbili za umbo moja. Jambo hilo linawezekana, kwa hiyo sauti ya vikao vya kudodosa nayo irekodiwe, si matini pekee.

Majibu ya vikao yaingize katika jedwali la kawaida, safu mlalo moja kwa jibu moja: msemaji, umri, jinsia, mzizi, jozi, mpangilio, maana, jibu, tarehe, jina la faili. Wasemaji 8 mara 192 ni safu 1,536. Usitengeneze jedwali lenye wasemaji juu na maumbo pembeni. Linavutia kwa macho, lakini siku ukitaka kulihesabu kwa namna nyingine utalivunja upya. Majina ya faili yasiwe na nafasi wala herufi za ajabu. Kwa mfano "bez_20260614_s03_k2.wav": msimbo wa Kibena katika orodha ya ISO, tarehe, msemaji wa tatu, kikao cha pili. Jina halisi la msemaji likae katika daftari tofauti. Nakala ziwe tatu, mbili katika vifaa tofauti na moja isiyokaa nyumba moja na kompyuta.

Kuna mdudu mmoja mdogo anayewala wengi. Herufi yenye alama ya toni, kama á, kompyuta inaweza kuihifadhi kama alama moja au kama a pamoja na alama inayojitegemea. Kwa macho ni kitu kilekile. Ukitafuta, nusu ya data yako haionekani. Chagua kibodi moja, Keyman kwa mfano, na fonti moja kama Charis SIL, uzitumie tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Excel nayo, ukiifungulia faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) kwa kulibofya tu, huweza kuharibu herufi hizo. Liingize kupitia menyu ya kuleta data na uchague UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi.

R je? Rafiki yako hajakosea, ila amekupa jibu la swali ambalo hukumuuliza. Kwa tasnifu ya umahiri yenye safu 1,536, jedwali la hesabu (mpangilio huu kwa maana hii umekubaliwa mara ngapi kati ya ngapi, kwa kila msemaji) linaonyesha karibu kila kitu. Ukitaka kupima kitakwimu, kifaa kinachofaa ni modeli mseto yenye msemaji na mzizi kama vipengele nasibu, yaani inayozingatia kwamba majibu mengi yametoka kwa mtu mmoja au kwa mzizi mmoja. Kwa majibu ya ngazi tatu kuna kifurushi cha R kiitwacho ordinal. Usitumie kipimo cha kai-mraba kwa safu hizo zote kana kwamba kila jibu limetoka kwa mtu tofauti; majibu 192 ya bibi mmoja yanafanana kwa sababu ni yake. Hilo ndilo kosa la takwimu tunaloliona zaidi katika kazi za wanaoanza, na mtahini mwenye jicho hulikamata mara moja. Kama hakuna mtu chuoni kwako wa kuikagua modeli hiyo, usiiweke. Kifaa ambacho hakuna aliye karibu nawe anayekijua utakikosea peke yako, na utalijua kosa siku ya utetezi.

Sababu hiyohiyo inahusu nadharia, na hatuoni aibu kuisema: uwezo wa msimamizi ni kigezo halali cha kuchagua. Yeye ndiye atakayesoma sura zako. Mpelekee ukurasa mmoja wenye swali jipya, utabiri wa kioo, utabiri wa kiolezo, na mifano ya Kiswahili na Kichewa tuliyoitaja. Muulize kwa adabu: "Mwalimu, ni matokeo gani yatakayokufanya uone Kanuni ya Kioo haitoshi kwa Kibena?" Akijibu, ameshaikubali tasnifu. Akisisitiza Programu Finyizi iandikwe kwa jina, andika kwamba unaichukulia Kanuni ya Kioo ndani ya mkabala huo, aya mbili, uendelee. Na mifano yako yote iandike kwa Kanuni za Leipzig za kufasiri mofimu kwa mofimu: mstari wa lugha, mstari wa mofimu, mstari wa fasiri, tafsiri. Data iliyoandikwa hivyo itasomwa hata na asiyejali kabisa kioo wala kiolezo.

Wiki kumi zako zigawe hivi. Mbili za kwanza soma Baker, Hyman na kazi zozote zilizoandikwa juu ya Kibena na Kihehe jirani yake, huku ukiomba barua ya chuo. Barua hiyo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Wilaya, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji, na kila meza ina siku zake, kwa hiyo usiisubirishe. Ya tatu na ya nne fanya jaribio dogo na wasemaji wawili, vipengele 30. Wabena wa mjini hapo ulipo wanatosha kwa jaribio. Ya tano tupa mizizi iliyoshindikana na urekebishe matukio. Zinazobaki ni za kuandika, na za ELAN.

Tetea pendekezo ukiwa na matokeo ya wale wawili mkononi. Wakikubaliana, tayari una utabiri wenye data nyuma yake. Wakipingana, angalia kwanza umri na mahali walikokulia kabla ya kulaumu maswali yako: kijana aliyelelewa mjini Makambako kwa Kiswahili akikubali mipangilio yote miwili, na mzee wa kijijini akikataa ule unaovunja kiolezo, huenda una tasnifu juu ya mgusano wa Kibena na Kiswahili. Hapo ile safu ya umri katika jedwali lako inapanda kuwa swali la utafiti, na wasemaji wanane watakuwa wachache. Ongeza vijana wanne na upunguze mizizi hadi minane, ili vikao visizidi siku ulizonazo.